Plastiki, shaba au rezini: uchague nini kwa behewa na injini ya treni ya modeli

Wengi wanaoanza kuunda treni za modeli huchagua seti ya vipande kwa kutazama picha ya bodi. Ribiti zinaonekana, kingo ni nyembamba, rangi imekaa, oda inatumwa. Lakini bodi ndiyo sehemu inayosamehe makosa. Behewa linaloacha reli kwenye pointi, pale njia mbili zinapoachana, na injini inayochechemea kila gurudumu linapozunguka, vina ugonjwa wa chini: ekseli, beringi, chesisi. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza kwenye reli na kupanda juu, na mara nyingi jibu si malighafi moja bali mbili, moja ya kuonekana na nyingine ya kubeba.

Behewa la kupimia ni lile la makaa ya mawe la tani 16 la British Railways. Ni sanduku la chuma lisilo na paa, lenye ekseli mbili, na yalijengwa zaidi ya laki mbili baada ya reli za Uingereza kutaifishwa mwaka 1948. Kwa skeli ya 1:76 fremu yake ina urefu wa 66 mm bila bafa (vizuia-mgongano vya kwenye ncha zake), umbali kati ya ekseli ni 36 mm, na kipenyo cha gurudumu ni 12.5 mm hivi.

Reli kwanza

Uingereza, wengi hujenga kwa skeli ya 1:76, yaani milimita 4 kwa kila futi, juu ya reli yenye upana wa 16.5 mm. Mfumo huo huitwa OO. Zidisha 16.5 kwa 76.2 utapata 1,257 mm, ilhali reli halisi ya huko ni 1,435 mm. Chanzo ni kwamba injini za Uingereza ni nyembamba, na mota za zamani hazikuenea kwenye bodi ya 1:87. Bodi ikakuzwa, reli ikaachwa ilivyo. Wasioridhika wana EM (18.2 mm) na P4 (18.83 mm, ambacho ndicho kipimo sahihi).

Kwa behewa, kuhama kutoka OO kwenda P4 si kazi kubwa kama inavyosemwa. Ekseli yenye ncha kali, ya urefu wa 26 mm, ni ileile. Magurudumu tu ndiyo yanayosogezwa nje juu yake. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu ni 14.4 hadi 14.5 mm kwa OO, na karibu 17.7 mm kwa P4. Kinachobaki nyuma ni breki za seti: zitakuwa ndani mno, haziko sambamba na gurudumu, na lazima zikatwe na kusogezwa.

Tofauti kubwa iko kwenye ukingo wa gurudumu, ule unaoshuka ndani ya reli. Kwenye kiwango cha RP25-110, ambacho magurudumu mengi ya OO na HO (mfumo wa 1:87 juu ya reli ileile ya 16.5 mm) hukifuata au kukikaribia, ukingo una kina cha 0.64 mm. Kwenye P4 ni karibu 0.4 mm. Behewa lisilo na chemchemi ambalo gurudumu lake moja limeinuka nusu milimita litapita kwenye OO bila mtu kujua. Kwenye P4 litaanguka kwenye pointi ya kwanza. Hapo uamuzi wa kwanza umeshafanyika: kwa OO, fremu ngumu ya plastiki inatosha. Kwa P4 unahitaji vishikio vya ekseli vinavyocheza, na hivyo hutengenezwa vizuri kwa bati la shaba (ile ya manjano, brass), hata bodi iwe ya nini.

Plastiki: anzia hapa, lakini fahamu inapokomea

Seti ya polistirini ni nafuu na ya haraka, na kwa behewa la kwanza hakuna sababu ya kutafuta nyingine. Vifaa ni kisu chenye wembe wa kubadilisha, koleo la kukatia lenye mdomo bapa, tupa ndogo, msasa namba 400 na 600, brashi namba 0, kiyeyusho cha plastiki, guni dogo la chuma (la kupimia pembe mraba) na kipande cha kioo cha dirisha.

Kiyeyusho hakifanyi kazi kama gundi. Chenye butanoni huyeyusha nyuso mbili hadi ziwe kitu kimoja. Shikanisha vipande vikiwa vikavu, hakikisha viko sawa, ndipo uguse mshono kwa brashi upande wa ndani. Kimiminika kitajivuta chenyewe kufuata mshono. Anayepaka kwanza kisha akabandika hupata nyuzi za plastiki na alama ya kidole isiyofutika.

Kazi inayoamua kila kitu ni beringi. Ni vikombe vidogo vya shaba vya 2 mm vinavyoingia kwenye vishikio vya ekseli kutoka ndani. Toboa kwa biti ya 2 mm ukiizungusha kwa vidole, si kwa mashine, kwa sababu joto la mashine huyeyusha plastiki na tundu likapinda. Tundu likiwa fupi, kikombe kitatokeza na kusukuma pande za fremu nje. Likizidi kina, ekseli italegea. Ukiisogeza kushoto na kulia, ekseli iwe na nafasi ya takriban robo milimita. Bandika upande mmoja wa fremu chini ya sakafu ukiupima kwa guni, ingiza magurudumu, bandika upande wa pili, kisha simamisha behewa juu ya kioo. Bonyeza pembe moja baada ya nyingine. Likicheza, kuna gurudumu lisilogusa kioo, na una dakika chache tu za kulinyoosha kabla mshono haujakaza.

Makosa ya plastiki huja baadaye, wakati mwingine miezi baadaye. Ukifunga behewa la paa au tangi bila tundu la hewa, mvuke wa kiyeyusho hubaki ndani na kuta huanza kuzama. Toboa tundu la 3 mm kwenye sakafu mahali pasipoonekana, na weka upau wa plastiki kati ya kuta mbili ndefu kabla ya kufunga paa.

Uzito nao una mtego wake. Desturi ya wajenzi wa 1:76 ni gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa letu, na seti ya plastiki ikikamilika huwa nyepesi mno kufika hapo. Nafasi ipo chini ya sakafu, kati ya pande za fremu, au chini ya makaa. Watu hutumia punje za risasi na kuzimwagia gundi nyeupe ya mbao. Usifanye hivyo! Gundi hiyo na risasi huendelea kuchachuka taratibu, risasi inageuka unga mweupe unaovimba, na bodi hupasuka kwenye mishono. Tumia epoksi, au achana na risasi kabisa na uweke nati za chuma. Ukishika risasi, nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Udhaifu usioondoka ni unene. Ukuta wa plastiki wa 1 mm ni sawa na 76 mm kwenye behewa halisi, ambalo bati lake lilikuwa karibu 5 mm. Likijazwa makaa hakuna anayeona. Likiwa tupu, ukingo wa juu unakuwa mnene kama ukuta wa nyumba. Uchonge kwa ndani, milimita 2 za juu tu, hadi ubaki 0.4 mm hivi. Jicho hutazama ukingo, halitazami ukuta.

Shaba: ngumu kujifunza, haibadiliki ikishakaa

Seti ya shaba huja ikiwa bati moja au mawili yenye unene wa 0.25 hadi 0.45 mm, vipande vyake vimechongwa kwa asidi na kushikiliwa na vijimkia. Mistari ya kukunjia imechongwa nusu ya unene, na kanuni ni kwamba mstari hukaa ndani ya kona, isipokuwa maelezo yaseme vinginevyo. Ukikunja kinyume, bati hufunguka na kukatika. Ukikunja sawasawa, kona inakuwa kali kuliko ya plastiki yoyote.

Ribiti huwa vidoto nyuma ya bati. Kila kimoja husukumwa kwa sindano butu ya chuma bati likiwa juu ya kadibodi ngumu. Zisukume zote kabla ya kukunja chochote. Kila ribiti huvuta bati kidogo, na safu ndefu hulifanya lijikunje. Lilaze kwenye kioo na ulinyooshe kwa kidole gumba kila baada ya safu, usisubiri mwisho.

Kisha ni solda, na hapa ndipo wengi wanapokimbia bila sababu. Kosa la kawaida ni kununua pasi ya solda ndogo ya wati 15 au 18 kwa kudhani kazi ndogo inataka pasi ndogo. Pasi dhaifu hukaa sana mahali pamoja, joto linasambaa, na kipande ulichokishika jana kinaachia. Pasi ya wati 40 au 50 yenye ncha pana hufanya mshono kwa sekunde moja na kuondoka kabla bati halijapata joto lote. Gusa mwanzo, mwisho na katikati. Pima kwa guni. Ndipo ujaze mshono kwa vipande vifupi ukirukaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayejaza kwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho hupata ukuta uliopinda.

Solda hupangwa kwa ngazi. Mishono mikuu hutumia inayoyeyuka kwa nyuzi 183 hadi 188. Vipande vidogo vinavyofuata hutumia ya 145, ili vile vya kwanza visiachie. Bafa na sanduku za ekseli za metali nyeupe, ambazo huyeyuka zikikutana na pasi ya kawaida, hutumia ya nyuzi 70, pasi ikiwa imepunguzwa joto. Shaba isiyopakwa kitu haishiki solda ya 70. Ipake kwanza solda ya kawaida mahali pa kuunganishia. Na ukimaliza, safisha ncha ya pasi vizuri sana. Mabaki ya solda ya 70 yakichanganyika na ya 188 yanashusha kiwango chake cha kuyeyuka, na mshono unakuwa dhaifu bila kuonyesha dalili.

Fluksi (dawa ya kusafisha metali ili solda ishike) ya asidi ya fosfori hurahisisha kila kitu na huharibu kila kitu usipoiosha. Kila unapomaliza kazi ya siku, sugua modeli kwa mswaki, maji na unga wa kusugulia sufuria. Ukiiacha usiku kucha unaamkia ukungu wa kijani, na tupa zilizokuwa mezani zimeshika kutu. Magurudumu ya chuma yasiwepo karibu.

Kwa behewa letu, faida ya shaba ni mbili. Ukuta wa 0.3 mm unawakilisha 23 mm badala ya 76, kwa hiyo behewa tupu linaonekana la chuma kweli. Na chini, vishikio vya ekseli vya bati vinaweza kuundwa ili upande mmoja utulie na mwingine ucheze juu ya waya uliopita katikati. Magurudumu manne yanagusa reli daima, hata reli ikiwa na bonde. Hii ya pili ndiyo inayostahili pesa. Bodi yote ya shaba kwa behewa linalobeba makaa ni kazi ya kujifurahisha tu. Vishikio vya shaba chini ya bodi ya plastiki vinakupa karibu faida yote kwa kazi ya jioni moja.

Rezini: mlango wa vitu visivyouzwa

Printa ya 3D inayotumia waya wa plastiki na tundu la 0.4 mm haifai kwa bodi za skeli hii. Mistari yake inaonekana hata baada ya rangi. Tunazungumzia printa ya rezini, inayogandisha kimiminika kwa mwanga tabaka kwa tabaka la 0.03 hadi 0.05 mm. Ribiti ya 0.3 mm inatoka safi. Bodi ya behewa inaingia hata kwenye printa ndogo kabisa.

Chapisha bodi ikiwa imeinama nyuzi 30 hadi 45, nguzo zikishika upande wa ndani na wa chini. Ukiilaza bapa, kila tabaka pana hung'ang'ania filamu ya chini ya tangi, na sakafu inatoka na tumbo. Kuta ziwe 0.8 hadi 1 mm. Chini ya hapo hupinda zikiendelea kukauka. Ioshe kwa alkoholi ya isopropili kwenye vyombo viwili, cha kwanza kichafu na cha pili safi, iache ikauke kabisa, ondoa nguzo, ndipo uianike kwenye taa ya mwanga wa urujuani. Ikianikwa ikiwa na unyevu inabaki na madoa meupe. Ikianikwa kupita kiasi inakuwa ya manjano na inavunjika kama biskuti. Sehemu zenye uwazi ndani, kama bomba la bwela (boila), lazima ziwe na matundu mawili ya kutolea kimiminika, la sivyo rezini mbichi iliyonaswa huleta nyufa baada ya wiki kadhaa.

Vaa glavu za nitrili na ufungue dirisha. Rezini mbichi huleta mzio wa ngozi unaojijenga taratibu, na ukishaupata hauondoki. Maji au alkoholi ya kuoshea yasimwagwe kwenye sinki. Yaache juani, mabaki yagande, uyachuje.

Sasa lile linaloamua. Vishikio vya ekseli vya plastiki hujipinda kidogo ukiingiza ekseli, kisha hurudi. Vya rezini havijipindi: vinakatika pale shingo inapokutana na fremu, mara nyingi kile cha nne baada ya vitatu kuingia salama. Kuna rezini zinazoitwa ngumu zinazovumilia zaidi, lakini hata hizo hulegea polepole zikikaa na mkazo. Kwa hiyo chapisha bodi na fremu bila vishikio, acha sakafu tambarare, na bandika chini yake vishikio vya bati la shaba kwa epoksi. Skrubu isiingie moja kwa moja kwenye rezini. Zamisha nati ya shaba ya M2 kwenye kitundu na uijaze epoksi. Kiyeyusho cha plastiki hakina kazi hapa. Unganisha kwa supaglu au epoksi.

Rezini ya kawaida hulainika kwenye joto ambalo gari lililofungwa juani linaweza kulifikia. Modeli iliyosafirishwa kwenye kiti cha nyuma mchana wa Dar es Salaam inaweza kufika ikiwa imelala.

Injini ni mashindano mengine

Kwa behewa unaweza kubishana. Kwa injini ya mvuke, chesisi ni ya metali na mjadala umefungwa. Bodi ndiyo yenye uchaguzi.

Chukua injini ya tangi (inayobeba maji yake yenyewe) ya Great Western, kampuni ya reli ya Uingereza, ya kundi la 57xx, magurudumu sita yaliyounganishwa, kila moja futi 4 na inchi 7½, sawa na 18.5 mm kwa 1:76. Fremu mbili ni bati la nikeli-silva (aloi ya shaba yenye nikeli) la 0.4 hadi 0.5 mm. Linafaa kuliko shaba kwa sababu halipitishi joto haraka, hivyo solda hushika palepale unapogusa. Usianze na fremu. Anza na fito za kuunganisha magurudumu, kwa sababu matundu ya fito ndiyo yanayosema ekseli zikae wapi. Tundu la fito hutolewa likiwa dogo. Lipanue kwa riima taratibu hadi pini ya krenki, ile ya kwenye gurudumu inayoshika fito, iingie bila kucheza, kisha weka beringi za ekseli kwenye fremu kwa kufuata umbali wa fito, ukitumia vyuma virefu vya kupimia vilivyochongwa ncha za saizi ya pini. Fremu iliyofuata mchoro badala ya fito zake ndiyo injini inayochechemea.

Magurudumu ya upande mmoja hutangulia ya upande mwingine kwa nyuzi 90. Zikiwa 88 si neno, mradi ekseli zote tatu ziwe 88. Jaribu bila mota: ekseli ya kati na ya mbele peke yake, kisha ya kati na ya nyuma, kisha zote. Ikibana, utajua ni jozi gani. Anayepanua matundu yote kwa hasira huondoa kubana na kuleta mtikisiko.

Gia huchaguliwa kwa hesabu. Mota ya kawaida ndogo huzunguka kama mara 15,000 kwa dakika ikipewa volti 12. Mzingo wa gurudumu la 18.5 mm ni 58 mm. Kwa giaboksi ya 40:1, injini inakimbia sawa na kilomita 100 kwa saa, nyingi mno kwa tangi la kusukuma mabehewa stesheni. Kwa 60:1 inashuka hadi 66, na mwendo wa polepole unakuwa laini zaidi.

Bodi ya shaba ni nzuri na nzito, lakini kila kitu kinapitisha umeme. Breki ikigusa gurudumu, shoti. Bafa ya injini ikigusa ya behewa la chuma, pengine shoti tena. Weka vibao vya breki vya plastiki, na ukitumia dekoda ya kidijitali (kifaa cha ndani ya injini kinachopokea amri za kuiendesha) hakikisha hakuna brashi ya mota inayogusa fremu, la sivyo dekoda inaungua mara ya kwanza unapowasha. Bodi ya metali nyeupe ni nzito kuliko zote, inavuta vizuri, na ribiti zake ni butu. Kwa leo tungeiacha kwa wanaoipenda. Bodi ya rezini haina hatari ya shoti na inabeba maelezo mengi, lakini ni nyepesi, na nafasi ya kuweka uzito lazima ichorwe kwenye kompyuta kabla ya kuchapisha.

Uzito ni nguvu ya kuvuta. Injini yenye gramu 200 juu ya magurudumu yanayoendeshwa huvuta kwa nguvu ya takriban gramu 40 hadi 50 kabla magurudumu hayajateleza. Behewa la gramu 50 lenye beringi nzuri linahitaji nguvu ya kama gramu 1 kwenye tambarare. Kwenye mlima wa 1 kwa 50 linaongeza gramu nyingine 1, na injini inatumia gramu 4 kujibeba yenyewe. Yaani, kwa nguvu ya gramu 40, mabehewa 40 tambarare, 18 mlimani. Beringi zilizotobolewa ovyo zikiongeza msuguano mara mbili, mlimani unabaki na 12, na hakuna injini nzuri itakayolifidia hilo. Kipimo cha haraka: inua upande mmoja wa reli ya mita 1 kwa 20 mm, behewa lisiloanza kushuka lenyewe lirudi mezani.

Ukitaka treni za kwetu

Anayetaka treni za Uingereza au Ujerumani anachagua kati ya seti nyingi. Anayetaka injini ya East African Railways au ya TAZARA hapati seti kirahisi dukani, na hapo rezini inapanda kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza kwa bodi. Lakini bado swali linaanzia chini, kwa sababu reli zetu zina upana tofauti:

| Reli ya modeli | Skeli | Upana inaowakilisha | Inafaa |
|---|---|---|---|
| 16.5 mm | 1:87 | 1,435 mm | SGR ya Kenya na Tanzania |
| 12 mm | 1:87 | 1,044 mm | Reli ya mita (1,000) na TAZARA (1,067) |
| 9 mm | 1:120 | 1,080 mm | TAZARA karibu kamili. Reli ya mita kwa kuvumilia |
| 12 mm | 1:76 | 914 mm | Reli ya futi 3. Kwa reli ya mita ni nyembamba |

Kwa mpenzi wa SGR njia ni rahisi: chesisi za HO za magurudumu sita kwa bogi (fremu ndogo ya magurudumu inayogeuka chini ya injini) zipo kwa wingi, na bodi ni ya kuchapisha. Pima tu umbali kati ya ekseli na kati ya bogi kabla ya kununua. Kwa TAZARA, 1:120 juu ya reli ya 9 mm ndiyo tungeichagua bila kusita. Reli, pointi na chesisi za N (mfumo mwingine unaotumia reli ya 9 mm) zinapatikana kila mahali, na nafasi ndogo ya nyumba inatosha.

Reli ya mita ni ya kufikiri zaidi, hasa kwa anayeota Garratt ya kundi la 59, injini ya mvuke yenye vitengo viwili vya magurudumu na bwela likining'inia katikati yao. Zilikuwa 34, zilizojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Urefu wa 31.7 m unakuwa 365 mm kwa 1:87 na 264 mm kwa 1:120. Gurudumu la futi 4 na inchi 6 linakuwa 15.8 mm au 11.4 mm. Kwa 1:120 reli inazidi kwa asilimia 8, ingawa injini hizo zilisanifiwa ziweze kubadilishwa kwenda 1,067 mm, kwa hiyo aliye na dhamiri nzito ana pa kujifichia. Kwa 1:87 kosa ni nusu milimita tu, lakini chesisi ya magurudumu manane kwa reli ya 12 mm utaijenga mwenyewe kwa nikeli-silva, tena mbili. Asiyewahi kumaliza chesisi ya magurudumu sita aende 1:120 na kutafuta chesisi mbili za N zenye gurudumu la 11 hadi 11.5 mm.

Vipimo vya bodi vinapatikana Nairobi: Mount Gelai (5918) na Mount Shengena (5930) zipo Makumbusho ya Reli. Piga picha ukiwa umesimama mraba kabisa na upande wa injini, mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, na fimbo ya mita 1 yenye alama za sentimita 10 ikiwa imeegemezwa kwenye kila sehemu utakayoichora. Makumbusho ni mahali salama pa kufanya hivyo. Stesheni inayofanya kazi omba ruhusa kwanza.

Hewa ya pwani ina matakwa yake. Rangi ya kopo na vanishi ya kufifisha hupata ukungu mweupe zikipulizwa siku ya unyevu mwingi, basi pulizia saa za mchana mkavu, na modeli iwe na joto kidogo, si baridi ya kiyoyozi. Chumvi hushambulia magurudumu ya chuma. Nunua ya nikeli-silva hata kama bei imezidi.

Garratt ijengwe kwa mpangilio huu. Kamilisha kitengo kimoja cha chini, tangi la mbele na magurudumu yake, kikiwa na mota yake au kikiburuzwa. Kipitishe kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo, mbele na nyuma, kikiwa na uzito uliokaa juu ya katikati ya magurudumu manane; ukikaa mbele mno, kitengo huinua mgongo na magurudumu ya nyuma hupoteza umeme. Unganisha waya ili vitengo vyote viwili vikusanye umeme kwa pamoja. Kitengo cha pili kikipita kona ileile, ndipo uvipachike vyote viwili kwenye kipande cha bati tupu chenye urefu wa bwela na egemeo mbili, uviendeshe hivyo pamoja na mabehewa kumi nyuma. Bwela, kibanda cha dereva na ribiti zote za tangi zichapishwe baada ya hapo, kwa kufuata nafasi ambazo chesisi imezionyesha.